Maisha ya Klinikal Roselida Taaka, na Mahali Alipofia Asekenye

Roselida Taaka Okwara alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Lupida, Bukhayo, mtoto wa tatu wa mzee Okwara na mama Anjelina Nabwire, wote wawili wametangulia. Mzee Okwara alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka Busia ya huku hadi Busia ya ng'ambo ya mpaka, na mama aliuza samaki wakavu sokoni. Aliyempokea Taaka duniani ni nyanya yake, mkunga aliyeogopwa kijiji kizima kwa sababu aliwagombeza wanawake wakiwa katikati ya uchungu. Wanaomkumbuka bibi huyo wanasema mjukuu alirithi mikono yake, na mdomo pia.

Tunajua wapo wanaotaka wasifu mfupi, jua hili linachoma na chakula kiko jikoni. Tuwieni radhi. Marehemu alituita sisi wa familia sote nyumbani mwezi wa Julai mwaka huu, akaketi kwenye kiti chake, akasema, "Siku yangu ikifika msinisomee maisha ya malaika. Malaika hajawahi kufanya kazi Malaba." Kisha akatuambia lile lililopaswa kusomwa. Padri ameuliza kama ni lazima, tukamjibu kwamba ni lazima.

Alisoma Shule ya Msingi ya Lupida, kisha kuanzia mwaka 1983 hadi 1986 akasoma shule ya upili ya wasichana kule Kakamega. Hakuwa mwanafunzi wa kwanza darasani ila katika bayolojia, na hapo hakumwachia mtu nafasi. Likizo moja walikuja wageni wa heshima nyumbani, akapewa kuku achinje na kupika. Wageni wakangoja hadi wakachoka. Mama alipokwenda jikoni alimkuta binti yake amepanga matumbo, ini na moyo juu ya jani la mgomba, anawaeleza wadogo zake kila kimoja kinafanya kazi gani. Alichapwa siku hiyo, lakini baba yake aliwaambia wageni, huku akicheka, kwamba huyu mtoto atakuja kuwashona siku moja.

Alijiunga na chuo cha tiba mwaka 1988 akahitimu mwaka 1991 kuwa klinikal, yaani tabibu asiye na digrii ya udaktari. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Rukala, Budalang'i, ambako mto Nzoia ukifurika watu huhamia tutani na mbuzi wao. Huko alizoea kuzalisha akiwa amesimama ndani ya maji ya magoti. Alikuwa msichana mwembamba mwenye koti jeupe lililomzidi, na wazee wa Rukala walimwita "daktari mtoto" hadi siku aliyoondoka. Kwa wagonjwa wake alikuwa na methali moja aliyoitumia mno. Mama akiona haya kufunuliwa, alimwambia, "Mficha uchi hazai, dada yangu. Fungua tuone."

Ndoa yake ilianza kwa uongo, na tunasema hivyo tukiwa na ruhusa ya mwenye uongo. Bwana Methuselah Ilukor, mzaliwa wa Angurai, alikuwa wakala wa forodha pale mpakani, na alipokwenda Budalang'i kwa shughuli zake mwaka 1993 alichomwa na mwiba, akatibiwa na klinikal mmoja mwembamba. Mwiba ukatoka, mguu ukapona, lakini bwana Methuselah akarudi na kifua, kisha akarudi na mgongo, kisha na jino. Siku ya jino Roselida alimpima kwa makini, akamwambia, "Kaka, hii ugonjwa yako hatuna dawa yake hapa. Nenda Lupida na wazee wako." Walifunga ndoa ya kanisa hapa Angurai tarehe 17 Desemba 1994. Mke Mkhayo katika boma la Wateso. Mashemeji walimtania kwa Kiteso alichokisema kwa lafudhi ya nyumbani kwao, naye akawajibu bila woga. Mungu aliwajalia watoto watatu, Cindy, Quinton na Brendah.

Mwaka 2003 alihamia kituo kimoja cha afya cha Malaba, mpakani. Hatutataja jina lake, wanaokijua wanakijua. Mwaka 2008, akiwa na miaka arobaini, alirudi darasani kusomea afya ya uzazi na upasuaji wa kina mama, na aliporudi alikuwa mtu ambaye watu walishindwa kumpa jina. Hakuwa daktari wa digrii, hakuwa nesi, na hakuwa tena yule klinikal wa kupima malaria na kumpa mtu dawa ya maumivu. Yeye na wenzake wachache wenye uzoefu mrefu walipewa ruhusa ya kufanya yale ambayo zamani yalimngoja daktari: kupasua katika thieta, yaani chumba cha upasuaji, kuamua nani alazwe na nani apelekwe mbele, kuwasimamia wadogo wao na kuwafundisha kazini. Ruhusa hiyo haikuwa ya kudumu. Wakaguzi walikuja kuangalia kama kituo kinastahili, na kituo kilichofiwa na mama kiliulizwa maswali marefu. Kabla ya ruhusa hiyo, mama wa Malaba au Angurai aliyekwama na mtoto alisafirishwa hadi Busia, na wengine hawakufika. Baada ya Roselida, walifika kwa Roselida.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kumpasua mama alimwuliza, "Nje kuna nani anakungoja?" Kazi ikiisha alitoka mwenyewe, akamwita mtu huyo kwa jina, akamwambia yaliyotokea, yawe mazuri au mabaya. Hakumtuma nesi hata mara moja. "Wewe ndiye uliyeshika kisu," aliwaambia wanafunzi wake, "wewe ndiye utakayeshika mlango."

Sasa tunafika kwenye siku ya Alhamisi, tarehe 12 Machi 2015. Asubuhi hiyo aliletwa mama mmoja aitwaye Asekenye, amefungwa leso ya njano, mtoto amelala kimshazari tumboni. Mumewe, Otukei, alikuwa fundi wa magurudumu. Aliziba pancha za malori yanayopanga foleni pale mpakani. Kwao ni ng'ambo, ukivuka daraja. Asekenye alipoulizwa nje kuna nani, alisema, "Ni Otukei, na anaogopa kuliko mimi." Roselida alicheka. Mtoto alitoka salama, msichana, akalia kwa nguvu. Lakini tumbo la uzazi lilikataa kujifunga. Alimsogeza mama wodini, kwenye kitanda cha dirishani penye mwanga, akafanya yote aliyofundishwa, damu ya akiba ikaingia na kutoka kama imemwagwa mchangani, na ikaisha. Asekenye alifariki alasiri, kwenye kitanda hicho, mkono wa Roselida ukiwa bado juu ya tumbo lake. Waliokagua baadaye walisema hakukosea katika tiba, na sisi tunawaamini. Kosa lilikuja baada ya hapo.

Meneja wa kituo, marehemu Eriaku, aliingia na kufunga mlango.

"Wakaguzi wanakuja Jumatatu," alisema. "Hii kifo ikiandikwa hapa, thieta imefungwa. Weka yeye kwa ambulansi. Iwe alifia njiani."

"Eriaku, ameshakufa."

"Ndio maana nakuambia haraka. Halafu yule wa mapacha anangoja kupasuliwa hapo nyuma, utampeleka wapi?"

Roselida alimtazama yule mama wa mapacha kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Kisha akatoka kwenda kumwita mtu wa nje kwa jina, kama alivyozoea.

"Otukei."

"Daktari, mke wangu ako aje?"

"Umepata msichana. Mama yake tunampeleka Busia."

Otukei aliketi mbele pamoja na dereva, Olinga. Kati yao na nyuma kulikuwa na kioo kidogo, na Otukei hakuacha kugeuka kuchungulia. Kwa hiyo Roselida, aliyeketi nyuma na maiti, aliinua chupa ya maji ya mshipani kwa mkono wa kulia, mrija ukielekea kwenye mkono uliokwisha kupoa, akaishikilia juu njia nzima ili mwenye mke aone mke wake anapewa maji. Walipofika Adungosi, njiani kabla ya Busia, aligonga kioo, akateremsha mkono, akasema mgonjwa amekwenda. Yule mama wa mapacha alipasuliwa siku iliyofuata na wanawe wako hai. Wakaguzi walikuja Jumatatu, wakakisifu kituo. Watoto wengi wa pande hizi walizaliwa katika thieta ile baada ya siku hiyo, wengine wameketi hapa chini ya turubai leo. Hatusemi haya kumtetea. Tunayasema kwa sababu nayo ni kweli.

Wenyeji mnajua desturi, lakini tuna wageni. Kwa jamaa nyingi za mpakani, mtu akifia mbali na nyumbani, kuchukua mwili hakutoshi. Wazee huenda mahali penyewe alipokatia roho, na tawi bichi la mti wa nyumbani kwake, wakamwita kwa jina lake na kumwambia safari imefika. Kisha tawi hubebwa hadi kaburini, na walibebao hawasemi na mtu njiani. Basi watu wa Otukei waliuchukua mwili Busia, wakamzika, na siku ya kumwita wakaenda Adungosi, kando ya lami, mahali Olinga alipowaonyesha.

Haikupita miezi mingi kabla ya maneno kuanza wodini. Mama mmoja wa Angurai, akingoja uchungu ukomae, alimwuliza nesi, "Sista, huyu dada wa leso ya njano amesimama hapo dirishani tangu nije. Mbona hamumpi kiti?" Nesi alikuwa mgeni, hakumjua Asekenye, akacheka na kumsimulia Roselida kama kichekesho. Roselida hakucheka. Baadaye mwingine, mke wa dereva wa lori kutoka mbali kabisa, aliomba kuhamishwa kitanda kwa sababu kuna mtu anamziba mwanga. Mwingine aliuliza tu yule anamngoja nani. Hawakujuana wanawake hawa, na kila mmoja aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia mgonjwa jirani. Roselida alihamisha kitanda, akatundika pazia, akamleta padri akanyunyiza maji ya baraka. Mwenyewe hakuwahi kuona chochote. Baadaye sana alimwambia mumewe kwamba hilo ndilo lililomtesa kuliko yote, kwamba kila mtu alionyeshwa ila yeye, ilhali yeye ndiye aliyedaiwa.

Na mkono wake wa kulia ukaanza mambo yake. Akisinzia tu, mchana kweupe, kwenye kiti au garini, mkono huo uliinuka wenyewe, vidole vimekunjwa kama vimeshika shingo ya chupa. Jumapili moja alisinzia kanisani wakati wa mahubiri, mkono ukapanda, na katekista akamwambia, "Mama, karibu mbele utoe ushuhuda." Aliamka akajikuta kanisa zima limemgeukia. Watu walicheka, naye akacheka nao, akasema ni uchovu wa zamu. Bwana Methuselah anasema walipofika nyumbani alilia hadi sauti ikakauka, na hakumwambia kwa nini.

Jumamosi, tarehe 21 Julai 2018, alikuwa akirudi Malaba kutoka semina ya Busia, garini na wanafunzi wake. Hapo Adungosi gari lilipunguza mwendo kwa sababu kundi la watu lilikuwa limesimama kando ya barabara. Katikati yao alikuwa mama mzee mwenye tawi mkononi. Alikuwa Alupo, mama yake Otukei. Alikuwa akizigombeza nyasi kama mtu anavyomgombeza mkaza mwana mkaidi.

"Asekenye, umetuchosha sasa. Hii ni mara ngapi tunakuja? Mtoto wako hataki kuingia nyumba, analala kwa mlango akiangalia barabara. Sisi tulikukosea wapi? Amka twende."

Lori lilipita likapiga honi. Mwanafunzi mmoja garini alisema hawa watu bado wako na mambo ya zamani, mwenzake akaguna kwa kicheko. Roselida alimwomba dereva asimame, akashuka, akatembea hatua chache kuelekea kwa wale watu, akashindwa. Akatapika kwenye mtaro. Aliporudi garini alisema ni chakula cha semina.

Jioni hiyo alimwambia mumewe kila kitu. Bwana Methuselah ni mtu wa kupima maneno.

"Ukisema hii kitu, wanakunyang'anya kisu," alisema. "Na thieta inafungwa. Umefikiria hao kina mama?"

"Nimefikiria hao miaka yote hii. Hao wako hai, Methuselah, watatafuta njia. Huyu mmoja hana njia. Mimi ndio nilimfungia."

"Na ukifungwa?"

"Basi utaniletea chakula."

Kesho yake baada ya misa alivuka daraja kwa miguu. Alimkuta Otukei nyumbani na mama yake, na mtoto, Apeduno, ameketi mlangoni akitazama barabara, kama alivyosikia. Alikataa kiti. Alisema akiwa amesimama: kwamba Asekenye hakufia Adungosi, kwamba alifia Malaba, kwenye kitanda cha dirishani, kabla ambulansi haijawashwa, na kwamba yeye Roselida alijua.

Alichouliza Otukei kilikuwa kimoja.

"Sasa ile maji ulikuwa umeinua juu, ulikuwa unapea nani?"

"Wewe," alisema Roselida. "Nilikuwa nakupea wewe, ndio usijue."

Mama Alupo aliinama akaokota kitu kisichokuwepo chini, akasema polepole, "Kwa hivyo miaka hii yote tumekuwa tukiita majani. Na mtoto wa watu amesimama kwa nyumba ya wagonjwa, hata hakuna wa kumwambia kaa." Otukei alisema watakuja kesho, na akamwomba Roselida aondoke kabla hajabadilisha mawazo juu ya kile mikono yake inataka kufanya.

Walikuja. Eriaku alisimama langoni akawaambia hospitali si mahali pa matambiko. Roselida alichukua ufunguo kwa mlinzi, akafungua lango mwenyewe, akawaongoza hadi wodini. Kwenye kitanda kile, kilichokuwa kimerudishwa dirishani, alikuwa amelala mama mwenye mimba pevu, wakamwomba apishe. Alikataa. "Iteni tu mtu wenu," alisema, "mimi nitanyamaza." Mama Alupo akaenda dirishani. Safari hii hakugombeza. Alimwambia Asekenye pole, alimwambia hawakujua, alimwambia wamefika, na kwamba mtoto ana meno yote sasa. Kisha akaugusa ukuta kwa tawi, akageuka, wakatoka.

Walipita kando ya foleni ya malori bila kumwitikia aliyewasalimu. Darajani maafisa waliwauliza vitambulisho na wanakokwenda, wakapita katikati ya maswali kama viziwi, hadi afisa mmoja mwenyeji alipoliona tawi, akavua kofia na kuinua kizuizi. Roselida aliwafuata kwa mbali hadi hapo kizuizini. Hakualikwa kuvuka, na hakuvuka. Watu wa Otukei wanasema mtoto aliingia ndani jioni hiyo bila kubembelezwa, akalala. Hatukuwepo, tunasema tulivyoambiwa. Tunachojua sisi ni kwamba wodini hakuna aliyeuliza tena habari za dada wa leso ya njano, na mkono wa mama yetu ulitulia.

Siku iliyofuata alipanda gari kwenda Busia, akajieleza kwa wakubwa wa afya kabla hajaitwa. Yaliyotabiriwa yakatimia. Hakufungwa, lakini alinyang'anywa ruhusa ya kupasua, na thieta ya Malaba ikafungwa. Akarudishwa chumba cha mbele, kupima homa na kusafisha vidonda, kazi aliyoifanya akiwa na miaka ishirini na mitatu, na aliifanya bila kununa. Wapo waliomwita shujaa. Wapo waliosema amewauza kina mama ili alale usingizi wake. Maneno yote mawili yalimfikia.

Tungependa kusema mambo yaliishia hapo. Mwezi wa Machi 2019, thieta ikiwa bado imefungwa, binti mmoja wa kijiji cha jirani alikwama na mtoto, akapakiwa garini kupelekwa Busia. Huyo ndiye aliyefia njiani kweli, yeye na mtoto wake. Roselida alikwenda mazishini akasimama nyuma kabisa. Mama mzazi wa binti yule alimwona, akamfuata, akamwuliza, "Wewe si ndiye ulikuwa unapasua?" Akajibu, "Nilikuwa." Basi. Tangu siku ile hatukumsikia akisema kwamba alifanya vyema kwenda kwa Otukei, wala hatukumsikia akisema alikosea. Tulipomwuliza, mwezi ule wa Julai, alisema hao wanawake wawili hawawezi kuwekwa kwenye mizani moja, na kwamba amejaribu.

Thieta ilifunguliwa tena mwaka 2020 chini ya mwanafunzi wake, klinikal Willis, aliye hapa leo. Roselida aliruhusiwa kufundisha, si kushika kisu. Alisimama nyuma ya mabega yao, mikono mgongoni, na Willis anasema akikosea kidogo alisikia koo likisafishwa nyuma yake. Waliosoma kwake sasa wanapasua Malaba, Busia na kwingineko, na wote, mkiwachunguza, huuliza nje kuna nani.

Aliwaambia wagonjwa maisha yake yote kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na bado aliyaficha yake. Mwishoni mwa mwaka 2024 tonge la ugali lilimkwama mezani. Akaweka kijiko cha mchuzi chini, akanywa maji, maji nayo yakarudi. Akamwambia mumewe, "Hii naijua," na kumbe aliijua tangu miezi kadhaa nyuma. Ilikuwa saratani ya koo. Alitibiwa Eldoret, na familia inawashukuru madaktari na manesi wa huko, ambao aliwakosoa kila siku. Alirudi nyumbani mwezi wa Juni kwa hiari yake.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, alizidiwa. Mpwa wake Levis alileta gari hadi uani, na bwana Methuselah akamtoa mkewe akiwa amembeba. Hawakufika garini. Levis alikuwa bado anaungurumisha injini, akasema, "Mjomba, wacha tukimbie tu, pengine Busia watafanya kitu." Bwana Methuselah aliketi pale pale na mkewe mapajani. "Zima gari," alisema. "Amemaliza hapa." Kwa hiyo tunasema mbele ya Mungu na mbele yenu: Roselida Taaka Okwara alifariki saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, hapa nyumbani kwake Angurai, kwenye ngazi ya mlango wa jikoni.

Ameacha mume, bwana Methuselah Ilukor, watoto Cindy, Quinton na Brendah, mjukuu mmoja, ndugu zake wa Lupida, wapwa wakiongozwa na Levis, na wanafunzi wengi. Familia ilivuka daraja wiki hii kumwomba bwana Otukei ruhusa ya kumtaja Apeduno, ambaye sasa ana miaka kumi, kati ya watoto aliowaacha marehemu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtoa tumboni. Bwana Otukei alitukaribisha, akatupa chai, akasema hapana. "Huyu mtoto ako na mama," alisema. "Mama yake amelala hapo nyuma ya nyumba, na asubuhi yeye ndiye humwagia maua maji. Taaka ndiye alituonyesha pa kumtoa. Mtajeni kwa hiyo." Tumemtaja kwa hiyo. Bwana Otukei na binti yake wameketi nasi hapa, safu ya nyuma, na jina la mtoto halimo katika orodha hii.

Bwana ampe mama yetu usingizi aliokuwa akiutafuta, na mikono yake yote miwili ipumzike kwa amani.